Fundi wa Visu na Unga wa Wagiriki

Siku ile ya Pearland, nyumbani kwa binti yangu mdogo Mkawasi, tuliokaa nyuma ya nyumba karibu na nyama tulikuwa hawa. Mkawasi mwenyewe, muuguzi, alisimama penye jiko la makaa na koleo mkononi kama anayeongoza magari. Mghoi, mzaliwa wangu wa kwanza, ambaye ninaishi kwake Arlington, alikalia kiti chenye mguu mbovu kwa sababu alikataa kuambiwa kuwa ni kibovu. Wakesho, binti wa Mghoi, ndiye tuliyekuja kumpongeza. Alikuwa amemaliza chuo huko Houston, na miaka yote ya masomo alilala hapohapo kwa mama yake mdogo. Barasa, shemasi wetu, si wa damu yangu, lakini tumegombana naye mpaka tumekuwa ndugu. Kando yake mkewe, Nekesa. Halafu Riziki, mwenyeji wa Uvira kule Kongo, aliyesafiri kutoka Arlington na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao, mapajani, imefungwa kwa kitenge, na hakuruhusu mtu mwingine aishike njia nzima. Na mume wa Riziki.

Huyo mume wa Riziki ndiye ninayemwandika, na sitamtaja jina. Nalijua. La baba yake nalijua, na la mbwa waliyemwacha Uvira pia nalijua. Lakini mwenyewe aliniambia, "Mama Mghoi, ukiandika, andika Fundi tu. Jina langu lishaandikwa kwa mafaili ya kutosha."

Basi ni Fundi.

Siku za kazi alisimama kiwandani Grand Prairie, kwenye mashine ya kusugua vyuma. Chuma kinakuja kina mikwaruzo na kutu, kinapita mikononi mwake, kinatoka unaweza kujichania nywele mbele yake. Kule, alisema, wanamwita kwa namba ya mashine. "Saba, njoo! Saba, mbona pole pole?" Aliyasimulia hayo akicheka, lakini Riziki hakuwa anacheka naye.

Jumamosi alikuwa wetu. Alifungua gereji ya Mghoi kama anayefungua duka, akaweka meza, ndoo ya maji, mawe mawili ya kunolea na karatasi zake za msasa, akavaa aproni ya Riziki yenye maua. Wanawake walikuja na visu vimeviringishwa kwenye taulo za jikoni. Kama kulikuwa na harusi au msiba, gereji ilijaa, maana kwetu mtu hawezi kukata ng'ombe wa watu mia mbili kwa kisu cha kupaka siagi. Kila kisu kilifungwa uzi wa rangi yake kisipotee, lakini Fundi hakuhitaji uzi. Alikishika, akapitisha kidole gumba kando ya makali, akamjua mwenye kisu.

"Hiki cha Mama Nekesa," alisema mara moja. "Na Shemasi anakitumia kufungulia makopo."

"Uongo!" Barasa akaruka. "Nani amekwambia?"

"Kisu chenyewe. Ona hapa, kina meno kama mamba."

Nekesa alimtazama mumewe, na jioni ile Barasa alienda kununua kifungua makopo. Nilikiona mwenyewe jikoni kwao, kina mpini mwekundu.

Alikuwa na mambo yanayopingana, na ndiyo yaliyonifanya mimi nimpende. Alinoa visu vya mji mzima na cha nyumbani kwake hakikati nyanya. Riziki alikuwa akikileta gerejini kwa siri, mikononi mwangu, ili Fundi adhani ni changu. Alikigundua kila mara. Na huyu mtu wa makali hakuweza kuona damu. Mghoi alijikata kidole kidogo siku moja, tone moja tu, na Fundi akakaa chini kwenye sakafu, akaomba apewe hewa. Mghoi, kidole kinachuruzika, ndiye aliyempepea.

Alikuwa na desturi moja, na hiyo naomba muishike, maana bila hiyo hamtaelewa lililotokea Pearland. Hakunoa kisu kikavu. Alisema jiwe kavu linachoma chuma, kinapoteza ugumu, kinabaki kung'aa bure. Kwanza maji. Na alivyofanya kwa chuma ndivyo alivyofanya kwa watu. Akitaka kumsahihisha mtu, kwanza alimpa maji ya kunywa. Hakusema kitu mpaka gilasi iwe tupu. Mimi nilijua nimekosea hesabu ya herufi kwa kuona tu gilasi inakuja.

Maana Fundi ndiye aliyenifundisha kuandika vizuri. Niliacha shule darasa la tatu, nikachunga ndugu zangu. Majina niliweza kuyaweka kichwani, ya watu, ya ng'ombe, ya watoto wa majirani hata waliokufa wadogo, kwa hiyo sikuona hasara. Hapa Arlington, Mghoi akienda kazini, nilibaki na televisheni inayosema haraka. Fundi aliona nimeshika Biblia juu chini. Hakusema. Alileta maji. Nilikuwa na miaka sitini na tisa. Kila Alhamisi akitoka kiwandani alikaa nami nusu saa, mimi, Riziki na wanawake wengine wawili wa Kongo, na tulisoma kwa sauti kama watoto, tukichekana.

Jumapili ndipo alipokuwa mtu kamili. Kanisa letu la Waswahili lina darasa la Biblia kabla ya ibada, na mwalimu alikuwa yeye. Alivaa suti moja ya kahawia na tai pana ya zamani sana. Siku hiyo hakuna aliyemwita Saba. "Mwalimu, habari ya asubuhi," hata wazee walimwambia, na yeye alitembea kati ya viti kama mtu aliyerudi kwake.

Alikuwa amesoma miaka miwili chuo cha wachungaji kule Kongo kabla vita havijawatawanya. Miaka miwili hiyo ilimwachia Kigiriki kidogo, na hicho kidogo alikitunza kama mtu anavyotunza picha ya mama yake. Na katika hicho kidogo, neno alilolipenda kuliko yote halikuwa upendo wala neema. Lilikuwa jina la unga wa kusugulia.

Nieleze kama alivyonieleza, gerejini, karatasi mkononi. Sisi watu wa Taita msasa tunaujua kutoka kwenye mti. Majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka. Nyanya yangu alisugulia vigoda kwa majani hayo. Nikamwambia hivyo. Akafurahi sana.

"Ah bon! Kwenu ni mti! Sisi Uvira, baba yangu alikuwa seremala, tulikuwa tunaita papye emeri. Neno la Mfaransa. Sasa Mfaransa alilitoa wapi? Kwa Mtaliano. Mtaliano? Kwa Mrumi. Na Mrumi, Mama?"

"Kwa nani?"

"Kwa Mgiriki! Smiris. Unga wa jiwe jeusi gumu, mafundi wa vito walisugulia mawe ya thamani. Jiwe lenyewe walilichimba kisiwa cha kwao, Naksosi. Na neno walilitoa wapi? Ndani ya nyumba yao. Walikuwa na kitenzi smao, njo kusema: nasugua, napangusa. Jiwe la kwao, neno la kwao. Mambo imeisha."

"Wamelitoa kwenye kusugua," nikasema.

"Kabisa. Kila kitu kina kwao, Mama. Kwao kumoja tu."

Hilo alilifundisha na darasani, zaidi ya mara moja, na alilifundisha vizuri. Alisema Mungu akikusugua hakuchukii, anakupangusa, na neno lenyewe ni shahidi. Watu walilia. Riziki alilia kila mara ingawa alilijua kwa moyo.

Aliyekuwa halii ni Barasa. Barasa alisoma, ana vyeti, na alikuwa anataka darasa lile. Hakuficha. Jumapili moja alisimama akasema, "Mwalimu, mimi nauliza tu. Una uhakika gani? Mtu wa kiwanda anafundisha Kigiriki, kesho tutafundishwa udaktari na dereva."

Fundi alikuwa hajui kusema "sijui". Hilo nalisema bila kumsengenya, lilikuwa doa lake. Ukimuuliza njia ya mahali asipopajua, alikuonyesha njia. Alikaza tai.

"Shemasi," akasema, "neno hili siku mtu akinionyesha limetoka kwingine, nitashuka hapa, na darasa utalichukua wewe. Naapa mbele ya hawa."

"Tumesikia," Barasa akasema.

"Sikieni."

Nami nilikuwepo, nikasikia, na nikaona Riziki amefumba macho.

Sasa Wakesho. Huyo mtoto amekulia kwenye gereji ile. Fundi alimweleza habari ya smiris kabla hajang'oa meno ya utoto, mtoto akamjibu kwa Kiingereza, na Fundi akaendelea kwa Kiswahili, na walielewana. Kule chuoni alichagua masomo ya lugha, mama yake akitaka uuguzi. Mwaka wa mwisho wakaambiwa kila mmoja aandike kazi kubwa juu ya neno moja. Akachagua la Fundi. Hakumwambia. Alitaka kumpa kama zawadi, amsomee siku ya sherehe mbele ya watu wote.

Asubuhi ya sherehe, pale Pearland, tulikuwa jikoni tukichambua mchicha. Nikamwambia anisomee mimi kwanza. Akanisomea, akitafsiri kidogo kidogo. Mwanzoni kila kitu kilikuwa cha Fundi: Mfaransa, Mtaliano, Mrumi, kisiwa. Nikafurahi. Kisha akafika mwanzo wa mwanzo.

"Hapa ndiyo interesting, Nyanya. Wataalamu hawakubaliani. Wengine wanasema ni kutoka kusugua, kama Fundi. Lakini wengine wanasema hapana, Wagiriki waliliokota tu. Lilitoka mashariki, kwa watu wa Babeli na Waebrania. Waebrania wana shamiri, jiwe gumu sana. Iko kwa Yeremia, kwa Biblia yetu wameandika almasi. So inawezekana jiwe na jina vilikuja na wafanyabiashara, halafu Wagiriki wakasikia sauti inafanana na ya kusugua, wakaona ni yao."

"Na mwisho wanasema ni lipi?"

"Hawajui. Nobody knows for sure."

Mchicha ukaniponyoka. Nikamwuliza kama anakumbuka kiapo. Hakukijua, alikuwa Houston. Nilipomweleza, mtoto akashika mdomo.

"Nyanya, Barasa amekuja? Yuko hapo nje?"

"Yuko nje anakula mahindi."

"Basi sisomi. Naitupa. Nitamwambia nime-fail."

Sitaficha kwamba nilitaka aitupe. Nilifikiri juu ya suti ya kahawia. Nilifikiri mtu aitwe Saba siku za kazi, na Jumapili pia asiwe na jina. Na nilijifikiria mimi, tusidanganyane; kama angevunjika moyo, Alhamisi zetu zingekwenda pamoja na Jumapili. Lakini nilimtazama Wakesho na zile karatasi zake, amezifunga utepe wa kijani, nikaona kwamba mtu aliyemfundisha mtoto kutafuta hawezi kufichwa alichokipata. Nikasema, "Usitupe. Usisome mbele ya watu pia. Kaa hapa."

Nikajaza maji kwenye gilasi, nikatoka.

Fundi alikuwa kwenye meza ya nyama, ananoa kisu cha Mkawasi ambacho alikuwa akikilaumu tangu tulipofika. Nyama yenyewe alikuwa ameipa mgongo. Nikaweka gilasi mbele yake. Akaiangalia. Akaniangalia. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumpelekea yeye.

"Mama," akasema taratibu, "nimekosea nini?"

"Kunywa kwanza."

Akanywa. Akanywa yote, akafuta mdomo kwa aproni, akanifuata ndani. Wakesho alimpa karatasi kwa mikono miwili. Fundi hasomi Kiingereza haraka, kwa hiyo alikaa kwenye kiti cha jikoni na kidole chake kikatembea mstari kwa mstari, na sisi wawili tulisimama kama watu wanaongoja daktari. Nje nilimsikia Barasa anacheka na Mghoi. Kidole kikafika mahali. Kikasimama. Kikarudi nyuma, kikapita tena.

"Hawa wakubwa," akamwuliza Wakesho, "wenye vitabu, wanaandika hivi? Wanaandika hawajui?"

"Wanaandika, Fundi. Kwa dictionary kabisa. 'Origin uncertain.' Maneno mengi iko hivyo."

"Na hakuna anayewafukuza?"

"Nani awafukuze?"

Halafu akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema gerejini.

"Kambini, kwa wakimbizi, tulikaa miaka kumi na mmoja. Kila ofisa mpya anauliza: Unatoka wapi? Baba yako alizaliwa wapi? Babu? Mwaka wa kwanza nilisema kwa babu sijui, labda mlimani, labda ng'ambo ya ziwa. Faili yetu ilirudi chini, Mama. Chini kabisa. Riziki alikuwa na mimba. Tangu siku ile nikachagua kijiji kimoja, nikakisema vilevile kila mara. Sijui, labda, nilizitoa mdomoni kama meno mabovu."

Wakesho alikuwa analia. Fundi akamtazama, kisha akaanza kucheka. Si cheko la kujikaza. Lilianzia tumboni.

"Angalia neno hili," akasema, anapiga karatasi kwa kidole. "Limetoka Babeli, ama halikutoka. Limefika kisiwani kwa Wagiriki, wamelipa nguo za kwao, wamesema ni mtoto wetu. Limekwenda Roma, limekwenda Ufaransa, limefika Uvira kwa karakana ya baba yangu, limefika Grand Prairie kabla yangu. Na faili lake hadi leo imeandikwa sijui. Na linafanya kazi! Kila siku linasugua vyuma!"

Akasimama, akavua ile aproni, akaenda nje na karatasi. Nilimshika mkono. Akasema, "Apana, Mama. Niliapa mbele ya watu."

Pale nyuma ya nyumba aliwaita wote, Mkawasi akaacha nyama. Aliwaeleza jinsi Wakesho alivyoandika, hakupunguza, na alimsifu mtoto mpaka Mghoi, aliyetaka uuguzi, akaanza kujifuta macho kwa leso ya karatasi. Kisha akamgeukia Barasa.

"Shemasi, nilisema nikionyeshwa. Nimeonyeshwa. Darasa ni lako."

"Lakini hapa wanasema labda wewe uko sawa," Barasa akasema. Alikuwa amechukua karatasi, anaisoma upesi upesi. Vyeti vyake vilimsaidia siku ile. "Wengine wako na wewe, buana. Hujashindwa."

"Nilisema nina uhakika. Uhakika sina. Nilichoapia ni hicho."

Barasa alikuna kichwa. Nilimwona anatafuta pa kuweka furaha yake na hapaoni. "Sasa unanipa darasa kwa njia mbaya," akasema. "Nitasimamaje pale baada ya mtu aliyekubali kukosea? Mimi sijakubali hata siku moja."

"Ni kweli," akasema Nekesa. "Miaka thelathini na mbili. Mimi ni shahidi."

Tulicheka mpaka kile kiti cha Mghoi kikamalizika, akaenda chini na sahani yake.

Lakini Fundi alishika neno lake. Jumapili iliyofuata Barasa alisimama mbele, na Fundi, na suti yake ya kahawia, alikaa benchi la pili, kati yangu na Riziki. Niliogopa sana asubuhi ile. Watu walipoingia walisita, hawajui wamwamkie vipi. Mzee mmoja, Mwakio, akamshika mkono akasema, "Mwalimu, habari ya asubuhi," kama kawaida, na wa nyuma yake akasema hivyohivyo, na Barasa mwenyewe kule mbele akasema hivyohivyo. Fundi alitazama viatu vyake kwa muda.

Barasa si mwalimu mbaya. Anasoma kwenye karatasi na anakohoa kabla ya kila jambo kubwa, lakini anajiandaa. Siku hizi anampigia Fundi simu Ijumaa kuuliza neno hili na lile.

Juzi Alhamisi nilikuwa na Fundi mezani, namwonyesha kurasa hizi. Mvi zimemwingia kwenye nyusi, na bega la kulia limeshuka kwa ile mashine. Alisoma zote. Nilingoja maji, hayakuja. Nikamwuliza kama kule kambini ilikuwa miaka kumi na mmoja au kumi na miwili, maana nilisikia mara moja tu na sikutaka kuuliza tena.

Akahesabu kwa vidole, akaanza upya.

"Sijui, Mama," akasema. Na akatabasamu kama mtu aliyevua viatu.

Basi nimeiacha kumi na mmoja. Kama Riziki anakumbuka vingine, au wewe unayesoma ulikuwepo Pearland na uliona nimemkalisha mtu mahali asipokaa, au kisiwa kile hakiitwi hivyo, njoo uniambie. Niko Arlington, mlango wa pembeni hauna funguo mchana. Nitafuta, nitaandika upya, na hatutagombana.